Hesabu ya Mkeka: Mwongozo kwa Anayebeti Mpira

Mkeka wa timu kumi ukikosa timu moja, umekosa wote. Sheria hiyo kila anayebeti anaijua, hata aliyeanza jana. Iko sheria ya pili ambayo haiandikwi kwenye tiketi: kila timu unayoiongeza humpa mwenye kampuni ya kubeti sehemu yake kabla mpira haujaanza. Ya kwanza ndiyo inayouma Jumapili usiku. Ya pili ndiyo inayomaliza pesa mwaka mzima.

Mwongozo huu unaieleza sheria hiyo ya pili kwa hesabu unazoweza kuzifanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Haukufundishi namna ya kushinda. Unakuonyesha bei halisi ya mkeka kabla hujaulipia, maana pesa zinazokwenda huko mara nyingi ni za kodi ya chumba, za ada ya mtoto au za mtaji wa genge, na anayezitoa ana haki ya kujua ananunua nini.

Mkeka unavyoundwa

Mkeka, ambao wengine huuita jamvi na Wakenya huuita maltibeti, ni ubashiri wa mechi mbili au zaidi ndani ya tiketi moja. Odi za mechi zote huzidishwa, kisha jibu huzidishwa na dau.

Chukua timu tatu, kila moja ikiwa na odi 1.50. Zidisha 1.50 mara 1.50 mara 1.50, unapata 3.375. Ukiweka shilingi 1,000 na timu zote zikashinda, unalipwa 3,375. Kumbuka kwamba ile 1,000 yako imo humo ndani, kwa hiyo faida ni 2,375. Ukiweka timu tano za odi hiyohiyo, odi ya jumla inafika 7.59. Timu kumi inafika 57.66, yaani 1,000 inakuwa 57,665. Hapo ndipo mvuto wa mkeka ulipo: dau la bei ya chakula cha mchana linakuahidi kodi ya miezi kadhaa.

Kabla ya kufika kwenye hesabu kubwa, shika mambo matatu ya msingi.

Kwanza, ubashiri wa kawaida huhesabiwa kwa dakika 90 pamoja na zile anazoongeza mwamuzi kufidia muda uliopotea. Kwenye mechi za mtoano, dakika 30 za nyongeza na penalti hazihesabiwi mpaka chaguo lenyewe liseme hivyo. Timu yako inaweza kufuzu kwa penalti na mkeka wako ukawa umechanika, kwa sababu dakika 90 ziliisha kwa sare.

Pili, mechi ikiahirishwa, kampuni nyingi huipa odi 1.00 na mkeka unaendelea na timu zilizobaki. Odi ya jumla inashuka, lakini tiketi haifi. Muda wa kusubiri mechi irudiwe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo soma masharti ya ile unayotumia.

Tatu, huruhusiwi kuchanganya kiholela machaguo mawili ya mechi moja, kwa mfano ushindi wa timu fulani na mabao zaidi ya mawili na nusu. Machaguo hayo yanabebana: likitokea moja, la pili linakuwa karibu zaidi. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana inapokuruhusu kuyaunganisha hukupangia odi yake maalumu, na si ile ambayo ungeipata kwa kuzidisha.

Ndani ya odi kuna nini

Odi ni namna nyingine ya kuandika uwezekano. Gawa 1 kwa odi, utaona kampuni inasema nini. Odi 2.00 ni asilimia 50. Odi 4.00 ni asilimia 25. Odi 1.50 ni asilimia 66.7.

Sasa tuchukue mechi moja ya ligi. Timu ya nyumbani imepewa 1.50, sare 4.00, timu ngeni 6.00. Zigeuze zote kuwa asilimia:

Nyumbani: 66.7
Sare: 25.0
Ugenini: 16.7
Jumla: takriban 108.3

Mechi ina matokeo matatu tu, na lazima moja litokee. Jumla ya haki ni 100. Hiyo 8.3 iliyozidi ni sehemu ya kampuni. Ukitaka kuiona kwa shilingi, jaribu kununua matokeo yote matatu ili upokee 1,000 kwa vyovyote vile: utaweka takriban 667 kwa mwenyeji, 250 kwa sare na 167 kwa mgeni. Umelipa karibu 1,083 ili urudishiwe 1,000, na hakuna tokeo la uwanjani linaloweza kukuokoa.

Kwa odi za namna hii, katika kila shilingi 1,000 zinazobetiwa, zinazorudi kwa wabashiri ni wastani wa 923. Makato haya hayafanani kila mahali. Mechi kubwa za Ulaya, ambazo kampuni zinagombania wateja, mara nyingi hukatwa kidogo. Ligi ndogo na machaguo ya ajabuajabu, kama idadi ya kona au kadi, mara nyingi hukatwa zaidi. Una uwezo wa kuipima kampuni yoyote kwa njia hii ndani ya dakika moja, na mbashiri makini anapaswa kuifanya hesabu hii kabla ya kuangalia msimamo wa ligi.

Makato yanavyozidishana

Shilingi 77 kwenye kila 1,000 si makato makubwa sana, na laiti yangebaki hapo. Ila mkeka huzidisha odi, na kwa kuwa makato yamo ndani ya odi, nayo yanazidishwa. Ukiweka mechi mbili, unapata 923 ya 923. Ukiweka tatu, unarudia tena. Hivi ndivyo shilingi 1,000 inavyobaki, kwa wastani, mechi zote zikiwa na makato ya mfano wetu:

Mechi 1: shilingi 923
Mechi 3: shilingi 787
Mechi 5: shilingi 670
Mechi 10: shilingi 449
Mechi 15: shilingi 301
Mechi 20: shilingi 202

Soma mstari wa mechi kumi kwa utulivu. Zaidi ya nusu ya pesa inayowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo haina njia ya kurudi kwa wabashiri, hata kama wote wanaujua mpira sawasawa na kampuni. Na kwenye mechi ishirini, kati ya shilingi tano inarudi moja.

Wastani huo unapatikanaje, ilhali kila mtu ama anashinda ama anakosa? Rudi kwenye odi 1.50. Tukiondoa sehemu ya kampuni, uwezekano wa kweli wa timu hiyo kushinda ni karibu asilimia 61.5. Timu kumi za aina hiyo zishinde zote pamoja: zidisha 0.615 mara kumi, utapata nafasi ya takriban moja kati ya 128. Sasa wafikirie watu 128, kila mmoja ameweka 1,000 kwenye mkeka wake wa timu kumi. Kampuni imekusanya 128,000. Kwa wastani anashinda mmoja, anapokea 57,665. Zaidi ya 70,000 zinabaki kwa kampuni. Mshindi anafurahi kwa haki kabisa, picha ya tiketi yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wale 127 hawatangazi.

Malipo ya haki kwa kitu kinachotokea mara moja kati ya 128 ni 128,000. Yeye amepewa chini ya nusu ya hiyo.

Hapa kuna jambo la kusema kwa uaminifu. Kama kweli unaijua mechi kuliko kampuni inavyoijua, mkeka huzidisha na ujuzi wako pia. Lakini ujuzi huo lazima uzidi makato kwenye kila mechi uliyoweka, si kwenye mbili kati ya kumi. Mtu anaweza kuijua vizuri Ligi Kuu ya Tanzania. Mtu huyohuyo hawezi kuijua kwa kiwango hicho ligi ya Uturuki, daraja la pili la Ureno na ligi ya vijana ya Argentina usiku mmoja. Timu zinazojazwa ili mkeka ufike odi kubwa ndizo ambazo mwekaji hazijui, na hizo ndizo zinazochana.

Mwaka mmoja wa mikeka

Chukua mtu mwenye nidhamu. Kila wiki anaweka mkeka mmoja wa timu kumi za odi 1.50, dau 1,000, hazidishi. Kwa mwaka ametumia 52,000. Uwezekano wa kumaliza mwaka huo bila mkeka wowote kutiki ni takriban theluthi mbili. Katika marafiki watatu wa namna hiyo, wawili hawataona ushindi kuanzia Januari hadi Desemba.

Na yule wa tatu? Akishinda mara moja anapokea 57,665. Toa 52,000 alizoweka, amebaki na 5,665. Bado hatujagusa kodi. Serikali za kwetu hutoza kodi kwenye pesa za kubeti, na viwango na namna ya kutoza hubadilika kutoka bajeti hadi bajeti. Kodi ya asilimia 10 tu kwenye ushindi ule ingekula faida yote ya mwaka na kumwacha palepale alipoanza. Huyo ndiye aliyebahatika.

Wengi hawana nidhamu hiyo. Wanaweka mikeka mitatu kwa siku, na dau linapanda baada ya kuchaniwa. Hesabu yao ni hiihii, inakwenda tu kwa kasi zaidi.

"Timu moja tu imenichania"

Hii ndiyo sentensi inayowarudisha watu wengi dirishani. Tisa zimeshinda, moja imetoa sare dakika ya 94. Mtu anajiona alikuwa na uchambuzi sahihi na kilichokosekana ni bahati kidogo. Wiki ijayo anaweka tena, kwa dau kubwa zaidi.

Hesabu inasema jambo jingine. Kwenye mkeka wetu wa timu kumi, kukosa timu moja kamili hutokea mara sita na zaidi kuliko kupata zote. Sababu ni rahisi: kupata zote kuna njia moja tu, lakini kukosa moja kuna njia kumi, kwa kuwa yoyote kati ya kumi inaweza kuwa ndiyo. Hivyo ukichaniwa na timu moja, usilisome tukio hilo kama dalili kwamba ushindi umekaribia. Mkeka ujao hauijui historia ya uliopita. Nafasi yake ni ileile moja kati ya 128.

Kampuni haihitaji kukudanganya ili ujisikie umekaribia. Mkeka wenyewe, kwa jinsi ulivyo, huzalisha tukio hilo mara nyingi sana.

Timu za uhakika

Kila mkeka mrefu una timu mbili au tatu ambazo mwekaji anaziona hazina maswali. Angalia kilichotokea ndani ya siku kumi na moja tu za mwaka 2022, wakati wa Kombe la Dunia nchini Qatar.

Novemba 22, Argentina iliyokuwa haijafungwa katika mechi 36 ilipoteza 2–1 kwa Saudi Arabia. Siku iliyofuata, Ujerumani ilipoteza 2–1 kwa Japani. Novemba 27, Ubelgiji ilifungwa 2–0 na Moroko. Novemba 29, mbali na Qatar, kule Mbarali mkoani Mbeya, Ihefu iliifunga Yanga 2–1 na kukomesha mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Novemba 30, Tunisia iliifunga Ufaransa 1–0. Desemba 1, Japani ikaifunga Hispania 2–1. Desemba 2, Korea Kusini ikaifunga Ureno 2–1 na Kamerun ikaifunga Brazil 1–0.

Argentina ile iliyofungwa na Saudi Arabia ndiyo iliyobeba kombe, na Ufaransa ilifika fainali. Yanga nayo ilimaliza msimu huo ikiwa bingwa. Timu hizo zilikuwa bora kweli. Ubora wa timu kwa msimu ni jambo moja, ushindi wake Jumanne hii ni jambo jingine, na mkeka huuliza swali la Jumanne.

Mechi tatu kati ya hizo zina somo la ziada. Ufaransa, Brazil na Ureno zilikuwa zimeshavuka hatua ya makundi, na makocha wakapumzisha wachezaji wengi wa kikosi cha kwanza. Jina kubwa kwenye tiketi halikwambii nani anaanza wala timu inahitaji nini siku hiyo.

Hapohapo kuna mtego wa odi ndogo. Wengi huongeza timu tano za odi 1.10 "kuupa mkeka uzito", wakiamini hazina hatari. Odi tano za 1.10 zikizidishwa zinakuwa 1.61. Maana yake umebeba hatari ya timu moja ya odi 1.61, lakini umelipa makato mara tano. Afadhali hiyo moja, na afadhali zaidi kuacha.

Bonasi, kutoa mapema, mfumo na jakipoti

Kampuni nyingi hutoa bonasi kwa mkeka mrefu: timu zikizidi idadi fulani, ushindi unaongezewa asilimia, na asilimia inapanda kadiri timu zinavyoongezeka. Bonasi hiyo hurudisha sehemu ya makato, na kwa kawaida inakuja na masharti, kwa mfano odi ya chini kwa kila timu. Ipime kwa jedwali la hapo juu. Kama mkeka wa timu kumi unarudisha 449 na bonasi ni asilimia 20 ya ushindi, unafika karibu 540. Mechi moja bila bonasi yoyote inarudisha 923. Bonasi inayokushawishi kutoka mechi mbili kwenda kumi imekugharimu.

Kutoa mapema ni pale kampuni inapokupa fedha kabla mechi hazijaisha. Sema umeweka timu tano za odi 1.50, nne zimeshinda, imebaki moja, na malipo kamili ni 7,594. Kwa nafasi ya asilimia 61.5, thamani ya haki ya tiketi yako ni karibu 4,670. Kampuni ikikupa 4,200, imekata tena, juu ya makato yaliyokuwamo kwenye odi. Wakati mwingine kutoa ni uamuzi wa busara kwa mtu anayezihitaji pesa hizo, mradi ajue kwamba amelipia utulivu huo.

Mfumo ni mkeka uliogawanywa vipande. Ukichukua timu tatu za odi 2.00 na kuzibeti mbilimbili, una mikeka mitatu midogo. Kwa dau la 1,000 kila mmoja umeweka 3,000. Zikishinda mbili unapata 4,000, zikishinda tatu unapata 12,000. Pesa hiyohiyo ya 3,000 kwenye mkeka mmoja wa timu tatu ingelipa 24,000, lakini ungekosa yote kwa timu moja. Mfumo hupunguza kishindo cha kupoteza. Makato hauyafuti.

Jakipoti ni mkeka uliofika mwisho wake: mechi 13, au 17, zilizochaguliwa na kampuni yenyewe. Matokeo matatu kwa mechi 13 yanatoa michanganyiko 1,594,323. Kwa mechi 17 ni 129,140,163. Mjuzi anayepatia nusu ya mechi zake zote bado ana nafasi ya moja kati ya 131,072 kwa mechi 17. Ni kweli kwamba watu hushinda. Mei 2017 Mkenya mmoja alijinyakulia jakipoti ya shilingi za Kenya milioni 221, na habari zake zilienea Afrika Mashariki nzima. Ushindi kama huo unajulikana na kila mtu kwa sababu ni nadra.

Wanaouza mikeka ya uhakika

Telegram, Facebook na WhatsApp zimejaa watu wanaouza "mechi zilizopangwa" na "odi za uhakika" kwa ada ya kujiunga. Jiulize swali moja: aliye na uhakika wa odi 50 anahitaji shilingi elfu tano zako za nini?

Ujanja wao una hesabu yake. Tapeli anawaandikia watu 2,700. Theluthi anawaambia mwenyeji atashinda, theluthi sare, theluthi mgeni. Baada ya mechi, watu 900 wameona amepatia, na hao ndio anaoendelea nao. Mechi ya pili wanabaki 300, ya tatu 100. Watu hao 100 wameshuhudia kwa macho yao mtu akipatia mechi tatu mfululizo, bure. Wakiombwa ada kwa mechi ya nne, wanalipa. Wale 2,600 wamesahaulika.

Wengine hutumia picha za tiketi zilizochezewa kwa programu za simu, au tiketi iliyoandikwa baada ya mechi kuisha. Na ukiambiwa umeshinda ila ulipe kwanza "kodi" au "gharama ya kufungua akaunti" ndipo utumiwe pesa, huo ni wizi. Kodi halali hukatwa na kampuni kwenye mfumo wake, haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Ukiamua kubeti

Uamuzi salama kuliko wote ni kutobeti. Kama umeamua vingine, fanya haya.

1. Hakikisha kampuni ina leseni. Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Kampuni isiyo na leseni ikikataa kukulipa, huna pa kwenda. Zingatia pia umri: Tanzania sheria inaanzia miaka 18, Uganda inaanzia 25. Usimtume mtoto dirishani, wala usimwachie simu yenye akaunti yako.

2. Soma mambo manne kwenye masharti: kikomo cha juu cha malipo kwa tiketi moja, mechi iliyoahirishwa, masharti ya bonasi, na muda wa kutoa pesa. Kampuni nyingi zina kikomo cha malipo, na mkeka wa odi elfu kadhaa unaweza kukipita.

3. Panga kiasi cha mwezi kabla mwezi haujaanza, na ukihesabu kama pesa iliyokwisha tumika, sawa na kiingilio cha uwanjani. Kikiisha siku ya tano, mwezi wa kubeti umeisha. Pesa ya kodi ya nyumba, chakula, dawa, ada na mtaji haiingii humo.

4. Usibeti kwa mkopo wa aina yoyote: Fuliza, Songesha, mikopo ya programu za simu, wala ya rafiki. Unakuwa umelipa makato mara mbili, ya kampuni ya kubeti na ya mkopeshaji, na deni halijali kwamba mkeka umechanika.

5. Punguza timu. Jedwali la hapo juu ndilo sababu. Weka mechi unazozifuatilia mwenyewe, na acha zile zinazoongezwa ili tu namba ya mwisho ipendeze.

6. Usipandishe dau kufidia hasara. Pesa ya jana imekwenda. Dau la leo lina makato yaleyale, liwe dogo au kubwa.

7. Andika. Daftari lenye safu tatu linatosha: tarehe, ulichoweka, ulichopokea. Kumbukumbu ya kichwani hushika ushindi na kuacha hasara. Taarifa ya miamala ya simu yako inaweza kukusaidia kujaza miezi iliyopita. Jumlisha kila mwisho wa mwezi, na ikiwezekana mwonyeshe mtu unayemheshimu.

Ikiwa imekuzidi

Kubeti kunakoshindikana kuachwa ni ugonjwa unaotambulika. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Haumaanishi kwamba mtu ni mjinga au hana maadili, na unatibika.

Dalili zake zinafahamika nyumbani kabla ya hospitali. Unamficha mwenza kiasi unachobeti. Unakopa au kuuza vitu ili upate dau. Unabeti ligi usizozijua saa nane za usiku kwa sababu ndizo zinazochezwa. Umejaribu kuacha mara kadhaa na ukarudi. Unakasirika ukizuiwa. Ukijiona kwenye mawili matatu kati ya hayo, chukua hatua leo.

Wapigie huduma kwa wateja wa kila kampuni unayotumia, uombe akaunti yako ifungwe, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Zifute programu zao kwenye simu. Toka kwenye makundi ya mikeka. Mkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa yako kwa muda, au omba mshahara upitie akaunti isiyounganishwa na simu. Kisha zungumza na mtaalamu: hospitali za mikoa na za rufaa zina huduma za afya ya akili, na Tanzania tuna hospitali ya taifa ya fani hiyo, Mirembe, jijini Dodoma. Kenya kuna Mathari, Nairobi. Huhitaji kusubiri mpaka umepoteza kila kitu ndipo uende.

Kama ni mdogo wako, mumeo au rafiki yako ndiye aliyezidiwa, usimlipie madeni yote kimyakimya. Deni likifutwa bila akaunti kufungwa, pesa yako inakuwa dau lake lijalo. Mpeleke kwa mtaalamu kwanza, mpange malipo pamoja, na umsikilize bila kumtukana. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wafiche mpaka inakuwa kubwa.

Na kwa anayeshika simu sasa hivi akiwa na timu kumi kwenye skrini: kabla hujabonyeza, gawa 1 kwa kila odi ya mechi ya kwanza, jumlisha matokeo matatu, uone imezidi 100 kwa kiasi gani. Kumbuka kwamba umekatwa hivyo mara kumi. Ukishaliona jibu, uamuzi ni wako, na utakuwa umeufanya ukijua bei.